Nyuzi Nne za Mwisho

Shuleni, Dodoma
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada. Kabla sijaandika lolote, nakuomba barua hii uisome peke yako, ukiwa umekaa. Usimsomee Mama, wala usiiache juu ya kabati ambako Baba huweka miwani yake. Ukishaimaliza utajua mwenyewe pa kuipeleka.

Habari za hapo Busi? Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Baba amemaliza kupura uwele, au bado anagombana na ndege? Na Athumani wako ameanza kusimama? Mimi mwili wangu ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo. Asubuhi tunafagia mchanga bwenini, na ikifika saa nne umerudi kama hatukuugusa. Maji ya bomba yanatoka siku moja na kukatika siku tatu, kwa hiyo tunateka kisimani, na maji ya kisima yana chumvi kiasi kwamba maharage yanachemka tangu asubuhi na bado yanagonga meno. Nje ya lango wamefungua duka jipya, la tatu mwaka huu, wanauza biskuti za nje na sweta za mitumba. Nilipata sweta moja ya kijani. Neema anasema ndani yake nafanana na kabichi. Neema ni yule rafiki yangu wa Bahi niliyekuandikia habari zake, tunalala kitanda kimoja cha juu na chini.

Majibu ya mashindano ya sayansi bado hayajatoka. Mwalimu Kimaro, anayetufundisha jiografia na ndiye mlezi wa chama chetu cha sayansi, anasema barua itakuja kwa mkuu wa shule, na majina ya shule zilizoshinda yatasomwa redioni. Basi kila jioni redio ya bwalo inawekwa dirishani na wasichana wanakaa kwenye ngazi kuyangoja. Wananishika mabega, wananiita mtafiti. Na mimi nakaa nao. Lakini dada, kabla ya habari wanasoma matangazo ya vifo, na mimi hayo ndiyo ninayoyasikiliza. Ninamsikiliza msomaji anavyotaja marehemu, na wilaya, na kijiji, na jamaa wanaopewa taarifa popote walipo. Akisema Kondoa, nasogea karibu na dirisha. Najua ni upuuzi. Kama tangazo ninaloliogopa lingesomwa, lingekuwa limesomwa miezi mingi iliyopita, na najua pia kwamba mngehakikisha halisomwi.

Wewe unaijua kazi niliyoifanya, lakini acha niieleze tena taratibu tangu mwanzo, kwa sababu nataka uione kama nilivyoiona mimi.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilipigilia vigingi vitatu nyuma ya nyumba ya Bibi, kando ya korongo. Cha kwanza mahali palipo wazi, pasipo na jani. Cha pili pale Bibi alipopanda mkonge. Cha tatu kwenye kona, chini ya kaburi la Babu, ambapo wewe na mimi tulipanga mawe mpaka kucha zikatoka damu. Nilitaka kujua kila mvua inakata ukingo kwa kiasi gani, na ni wapi unapokatika polepole. Mimi ningekuwa shuleni, kwa hiyo nilihitaji mtu wa kupima kila mvua kubwa ikipita.

Bibi alicheka alipoona vigingi. Aliuliza kama shule nzima hawana kazi nyingine hadi wamtume mtoto kupima shimo. Nikamwambia kwamba kigingi cha tatu kitatuonyesha korongo litamfikia Babu mwaka gani. Akaacha kucheka. Akachukua uzi wa katani mkononi mwangu.

"Nifundishe," akasema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyebuni namna ya kufanya, maana hajui tarakimu. Anashika ncha ya uzi kwenye kigingi, anauvuta mpaka kwenye ukingo, na pale ukingo unapokatika anafunga. Fundo moja ni kigingi cha kwanza, mafundo mawili yaliyokaribiana ni cha pili, matatu ni cha tatu. Uzi mmoja kwa mvua moja. Kisha unampa Juma, kondakta wa basi la Kondoa, naye ananiletea langoni. Mimi naunyoosha juu ya meza, napima kwa rula na kuandika.

Na unakumbuka Bibi ni wa kushoto. Kula anakula kwa kulia kama alivyofunzwa utotoni, lakini jembe, sindano na kamba ni kushoto. Unaona, nimeandika "ni". Nimekaa hapa muda mrefu nikijiuliza kama niandike "ni" au "alikuwa".

Nyuzi saba za kwanza zilifika zikinuka ugoro. Zilikuja na maneno pia. Mimi nilikuwa nampelekea Bibi ugoro wa soko la hapa kwa mkono wa Juma, na kila mara Juma alirudi na matusi yake. Mara moja alisimama pale langoni, amejizuia kucheka, akasema, "Bibi yako anasema hivi: mwambie Salma Mdogo huu wa Dodoma si ugoro, ni vumbi la barabarani, na safari ijayo akileta tena atapima korongo lake mwenyewe." Nilicheka mpaka mlinzi akatoka kuangalia kuna nini.

Uzi wa nane ulikuja mwezi wa tatu. Juma hakuuleta kwa mkono wake, aliuacha kwa mlinzi. Nilimpelekea Bibi ugoro kama kawaida. Jibu lilikuja kwenye barua yako: "Ugoro umefika." Basi. Nilifurahi, dada. Nilidhani safari hii nimepata mzuri.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, na shule zilitoka mikoa mingi. Meza ya jirani yangu walikuwa wavulana waliotengeneza kinu cha upepo kinachowasha taa, na watu walijaa kwao. Mimi nilikuwa na ubao wenye nyuzi kumi na moja zimening'inizwa kwa pini, grafu yangu, na jina langu, na chini yake nilikuwa nimeandika: Mtafiti mwenza, Bibi Salma binti Hamisi, wa Busi. Unanijua nilivyo mbele ya watu. Neema alisimama nyuma yangu akinichoma na kidole mgongoni. "Ongea na mtu," alininong'oneza, "meza imeshakuelewa."

Alikuja jaji mmoja, mama mtu mzima aliyevaa kitenge na miwani ya kamba. Wengine waliangalia grafu. Yeye aliangalia nyuzi. Aliuliza nani alizifunga, nikasema bibi yangu. Akauliza kama ni zote kumi na moja, nikasema zote. Akatoa uzi wa saba kwa mkono mmoja na wa nane kwa mkono mwingine, akazisogeza karibu na macho. Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Binti, hizi hazikufungwa na mkono mmoja."

Nilisema Bibi anatumia mikono yote miwili. Lilitoka lenyewe. Sijawahi kumwambia mtu mzima uongo wa namna ile. Alinitazama, akarudisha nyuzi kwenye pini zake kwa uangalifu mkubwa, akaandika kitu kwenye karatasi na kwenda kwa wale wa kinu.

Tuliporudi bwenini nilimpa Neema kipande cha uzi nikamwambia afunge fundo. Nikafunga jingine kwa mkono wa kushoto, kwa shida. Tukayaweka pamoja kitandani. La kushoto linalalia upande mmoja, la kulia upande wa pili, kama watu wawili waliopeana migongo. Nyuzi saba za kwanza zinalala upande wa kushoto. Nne za mwisho zote zinalala upande wa kulia. Nikazinusa. Zile saba zina ugoro mpaka leo. Zile nne zina sabuni ya kufulia.

Halafu nikaangalia tena namba zangu. Kwenye zile saba mvua ilikuwa na kichaa chake: mara moja ilikata ukingo wa kigingi cha kwanza mkono mzima na wa cha pili ikauacha, mara nyingine haikugusa popote. Kwenye zile nne, kila mvua na kila kigingi, penye mawe na pasipo mawe, ukingo umesogea upana wa kidole kimoja. Hakuna mvua inayokata ardhi kwa haki namna hiyo. Na mimi, dada, niliona mstari wa grafu umenyooka na nikafurahi. Niliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mawe na mkonge yametuliza korongo, na kwamba kwa mwendo huo halitamfikia Babu katika uhai wetu sisi. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa sentensi ile.

Neema alilifungua fundo lake polepole kwa kucha. Mwisho akasema, "Hata kwetu hufanya hivyo. Mtoto akiwa na mtihani haambiwi." Akajuta hapohapo, akanishika mkono, akasema labda Bibi aliumia kidole tu.

Lakini nami nalijua jambo hilo, dada. Mwaka jana kulikuwa na msichana wa kidato cha nne bwenini kwetu, Rehema. Baba yake alifariki wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa. Ujumbe ulikuja kwa mkuu wa shule, kutoka kwa mkuu ukafika kwa matroni, kutoka kwa matroni ukafika kwetu sote isipokuwa yeye. Tuliagizwa tusimwambie. Wiki tatu tulikula naye na kuchota maji naye. Mimi nilimwazima daftari langu la fizikia na nilicheka alipotusimulia jinsi baba yake anavyoogopa bata. Siku alipomaliza karatasi ya mwisho lilikuja gari kumchukua, na yeye akakimbia kufunga sanduku akifikiri wamekuja kumpongeza. Mimi ndiye niliyemsaidia kubeba sanduku. Kwa hiyo uso wa mtu anayeficha naujua, kwa sababu niliuvaa.

Na sasa ninauona kila mahali. Wiki ile uzi wa nane ulipofika, matroni aliniita chumbani kwake, akanipa chai ya maziwa, akaniuliza kama ninalala vizuri. Nilifikiri ni kwa ajili ya malaria niliyougua. Barua zako za zamani zilikuwa na mistari mitatu ya maneno ya Bibi, nani amemkasirisha na kuku gani amepotea. Tangu mwezi wa tatu zinasema "Bibi hajambo" mwishoni, kwa mwandiko mdogo kuliko mwingine wote. Likizo ya mwezi wa sita Baba aliandika nisije, nibaki kwenye kambi ya masomo. Baba, ambaye kila mwaka ananihesabia siku ili nije kuvuna. Nilionyesha watu ile barua. Nilisema baba yangu ameanza kuthamini elimu.

Nilipokuandikia kwamba tukishinda majaji watakuja mpaka Busi kuviona vigingi na kumwona Bibi, Baba alijibu neno moja, "Tutaona." Nilikasirika nikidhani hajali. Sasa namfikiria akisoma sentensi ile, na wageni wakiulizia nyumba ya Bibi Salma mtafiti, na yeye amesimama uani hajui mikono yake aiweke wapi.

Alhamisi nilikwenda kwa Mwalimu Kimaro. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisishindwe, na bado nilishindwa, nikampa karatasi asome. Nilimwomba awaandikie majaji waziondoe nyuzi nne za mwisho na ile sentensi ya kalamu nyekundu, kwa sababu sikuwa na uhakika nani alipima wala kama alipima. Aliisoma mara mbili.

"Unajua tukiziondoa hatuna msimu mzima," akasema.

Nikasema najua.

"Na unajua huenda wameshaamua, na barua hii itatuaibisha bure."

Nikasema hilo pia najua. Alitazama dirishani, kule wanafunzi walipokuwa wakimwagilia miti. Akasema ataandika, na aliandika mbele yangu, akaifunga bahasha. Halafu akaniambia nisiende kumwagilia siku hiyo, nikapumzike. Dada, Mwalimu Kimaro huuliza kila kitu. Ukimwambia mvua imenyesha anauliza ilitoka upande gani. Lakini hakuniuliza, kama si Bibi, basi ni nani aliyezifunga.

Nilifika mlangoni nikasubiri aniulize. Hakuniuliza.

Sikulaumu. Nataka ulisome hilo mara mbili kama yeye alivyosoma karatasi yangu. Nafikiri Baba aliamua, na Mama akanyamaza, na wewe ukaachiwa uzi, kwa kuwa ungekatika ghafla ningeuliza. Nakuona umekaa jikoni na maji ya kufulia bado mikononi, nyumba imejaa watu wa msibani, umeweka vipimo vya uzi wa saba nilivyokuandikia kando ya uzi mpya, na hukuweza kwenda kule nyuma. Ndiyo maana ukapima kwa kidole chako. Kidole kimoja kila mvua, kidogo tu, ili korongo lisije likanitisha. Nafikiri ulitaka kunifanyia wema. Nami niliufanya wema huohuo kwa Rehema, na ninajua unavyolemea.

Lakini kuna jambo linaloniamsha alfajiri kabla ya kengele, na halihusu mashindano. Kama ni kweli, basi mmemlaza kando ya Babu, kwa sababu alishasema hataki kwingine. Na kama yuko kando ya Babu, yuko upande wa chini, karibu zaidi na korongo. Kigingi cha tatu kiko karibu na miguu yake. Na kipimo cha mwisho cha kweli nilichonacho cha kigingi hicho ni cha mwezi wa pili, alichokifunga mwenyewe. Baada ya hapo zilinyesha mvua nne kubwa, na mimi niliuambia ukumbi mzima kwamba hazikufanya kitu.

Ndani ya bahasha hii utakuta uzi. Ni wa katani ileile, nimeukata kwenye bunda alilonipa Bibi. Sitaki uandike jibu, maana nitakusumbua kutafuta maneno, nami nitayasoma nikitafuta kilicho chini yake. Fanya hivi. Kama Bibi yupo, mpe uzi, umwambie Salma Mdogo ana wazimu na anataka fundo moja popote pale, na atukane anavyotaka. Kama hayupo, nenda nyuma ya nyumba, ushike ncha kwenye kigingi cha tatu, uuvute mpaka kwenye ukingo palipo leo, na ufunge mafundo matatu kwa mkono wako wa kulia. Usinionee huruma hata kwa upana wa kidole. Nitanyoosha uzi mezani na nitajua yote mawili kwa pamoja.

Kisha umpe Juma, na umwambie safari hii auweke mkononi mwangu, asiuache kwa mlinzi. Anapita hapa Jumamosi.

Mtihani wangu wa taifa wa mwaka huu nitaufanya. Mwambie Baba, siku utakayoona inafaa, kwamba nilijua na nikaufanya hivyohivyo.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya mguu nimeiulizia na nitamletea. Mpe Baba shikamoo yangu. Msalimie mjomba Hamisi na mbuzi wake, kama hajaenda nao mnadani Chemba, na shangazi Mwajabu jirani yetu, ambaye nadhani ndiye aliyekuja kukaa na Mama siku zile. Mbusu Athumani kichwani. Hapa ndipo huwa namwandikia Bibi, na nimeshika kalamu juu ya karatasi mpaka wino umeanza kukauka. Basi nafasi yake ninaiacha hivi, wazi, urefu wa mstari mmoja:



Redio imeshawekwa dirishani, wenzangu wananiita.

Mdogo wako akupendaye,
Salma Mdogo